Fundi wa Kikamulio Hulisha Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa mlangoni kwa sababu ya bangili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka nyumbani kwetu Bondeni, Nakuru, alfajiri na mapema, nimevaa gauni langu la Idi. Mama alisema mtu haendi kuandikwa kazi akiwa amevaa kama anayekwenda kuteka maji. Kazi yenyewe ilikuwa ya dobi katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Njoro, na chumba cha dobi kilikuwa banda refu la mawe nyuma ya jikoni. Msimamizi wa Dobi alinitazama kuanzia utosini hadi unyayoni, kisha akanyoosha kidole kwenye mikono yangu.

"Hizo bangili ni za harusi ya nani?"

"Ni zangu tu, mzee."

"Basi nenda ukaolewe nazo. Ukitaka kazi, rudi bila bangili, bila pete, na huo ushungi uufunge nyuma usining'inie."

Nilirudi baada ya dakika tano, bangili zimo ndani ya kikapu na ushungi umekazwa mpaka masikio yaliuma. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya kwa miaka inayokaribia arobaini.

Nyinyi mnaosoma haya mnaijua mashine ya kufulia kama kabati jeupe lenye mlango wa kioo. Unatia nguo, unabonyeza kitufe, unaenda zako kutazama simu. Mashine ya wakati wetu haikukuruhusu kwenda popote. Lilikuwa pipa la chuma lililopakwa rangi nyeupe ya kung'aa, limesimama kwa miguu minne yenye magurudumu. Ndani yake mlikuwa na kisukio, yaani mhimili wenye mapezi matatu uliozunguka nusu kwenda na nusu kurudi, ukizisukasuka nguo. Juu ya ukingo wa pipa ndipo palipokaa kikamulio: roli mbili za mpira zilizolaliana, zikizungushwa na mota ileile. Unaokota nguo inayochuruzika, unaingiza ncha yake kati ya roli, inatokea upande wa pili imekuwa bapa kama chapati, na maji ya sabuni yanarudi pipani.

Na maji hayo hatukuyamwaga. Yalianza na shuka nyeupe, yakaja sare, yakaja vitambaa vya jikoni, na mwisho ovaroli za watu wa shamba. Yakimalizana na ovaroli yalikuwa mazito kama uji, na bado Msimamizi alitaka tuyapigie deki sakafu.

Kulisha kikamulio kulikuwa na adabu zake. Vifungo vya shati hukunjwa kwa ndani visije vikapasuka na kukurukia jichoni. Zipu hufungwa. Shuka hukunjwa mara mbili na kuingizwa kwa pembe. Skrubu kubwa iliyo juu, ile ya kukaza na kulegeza roli, huzungushwa kulingana na unene wa nguo, na mlishaji mzuri hakuhitaji kuambiwa. Aliipima nguo kwa kiganja tu. Vidole havikaribii. Kwa nguo ndogo tulitumia kijiti cha mbao kama mwiko.

Tuliogopa vidole kwa sababu kikamulio hakina macho. Ukikipa shuka kinapokea, ukikipa kidole kinapokea vilevile, na hakirudishi. Ndiyo sababu juu ya roli paliwekwa upao wa chuma tuliouita achia, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Ukiugonga, ulimi mdogo wa chuma ulio pembeni unachomoka na roli ya juu inaruka na kuachana na ya chini. Achia nzuri hufyatuka kwa pigo la kiwiko, hata la paji la uso, kwa maana mtu aliyeshikwa huenda hana mkono wa akiba.

Msimamizi alijifunza kazi kwenye mabweni ya reli, na alikuja na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja mbele yake. Kila kikamulio kikifunguliwa kwa matengenezo, hata kama ni kubadilisha skrubu moja, fundi aliyekigusa ndiye hulisha kwanza. Tena halishi kitambaa. Hulisha mkono wa nguo aliyoivaa mwilini. Unavuta vidole ndani ya nguo hadi unabaki na pindo linaloning'inia, unaliingiza kati ya roli, mota inawaka. Na anayegonga achia si fundi. Ni yule atakayetumia mashine siku hiyo. Husimama upande wa pili, kiganja juu ya upao, roli zinaumeza mkono wa nguo, naye anagonga.

"Fundi hulisha kwanza," Msimamizi alikuwa akisema. "Kama achia imekufa, ajue yeye kabla hajajua mtoto wa watu."

Mwanzoni nilidhani ni vituko vya kizee. Baadaye nilielewa kwamba desturi hiyo ilifanya kazi mbili kwa pamoja. Ilijaribu chuma, na ilimpa mlishaji haki ya kuona fundi akijiweka mahali pake. Baada ya hapo hukuwa na haja ya kuuliza kama mashine ni nzima.

Yeye ndiye aliyenifanya fundi. Aligundua kwamba nilikuwa nasikia gia ikianza kulalamika kabla haijavunjika, akaanza kunipa spana badala ya sabuni. Wenzangu walinicheka sana. Walisema Zuhura akiolewa atapakwa grisi badala ya hina. Niliolewa, na hina nilipakwa, ingawa kucha zilikataa kutakata. Msimamizi alipostaafu na kurudi kwao Ugenya, mashine zote za shule zilikuwa mikononi mwangu.

Kituo changu cha pili kilikuwa hospitali moja ya misheni njia ya kwenda Molo. Huko nilikuta mashine nne, kila moja imeandikwa nambari kwa rangi nyekundu ubavuni, na baridi ambayo sikuwahi kuijua Nakuru. Asubuhi tulikuta maji ya mabomba yameganda mdomoni. Mkubwa wetu alikuwa Katibu wa Hospitali, mtu wa tai na saa, asiyependa kusikia neno "kesho".

Huko ndiko nilikofanya kazi na Jerusha. Tulikuwa tumekulia mji mmoja bila kujuana. Mimi wa Bondeni, yeye wa kota za reli, ambako babake alikuja kutoka Bungoma kupakia makaa ya mawe kwenye injini. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na alipenda kuimba nyimbo za kanisani akifuata mdundo wa kisukio. Mashine nambari tatu ndiyo aliyoipenda, akidai ndiyo pekee inayoshika tempo. Ikibadilisha mdundo, aliniita kabla sijasikia mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa na sifa ya masikio.

Niliwafundisha wenzangu wa huko desturi ya Msimamizi, na Jerusha akaipenda kuliko wote, kwa sababu ilimpa nafasi ya kunitesa. Mimi nikilisha mkono wa nguo yangu, yeye ndiye aliyeshika achia, na alichelewesha makusudi. Roli zinazidi kumeza, pindo limekwisha, mimi namkodolea macho, yeye ananitazama tu na kuuliza habari za mume wangu. Ikifika pale mpira unapotaka kunibusu vidole, ndipo anagonga, kisha anacheka hadi anashika ukuta.

"Siku moja utanikamua kweli," nilimwambia.

"Zuhura, wewe huna hata maji ya kukamuliwa. Umekauka kama omena."

Yaliyotokea baadaye sijawahi kuyasimulia hadi mwaka huu, kwa hiyo nitayasema kwa mpangilio.

Ulikuwa msimu wa baridi na wodi ya watoto ilijaa. Watoto waliharisha, blanketi zikaja kwetu kwa marundo, na blanketi za sufu zikilowa ni nzito kuliko mtu mzima anavyodhani. Ulimi wa achia ya nambari tatu ulikuwa umelika. Kila blanketi ilipoingia, unene wake ulizitanua roli, ulimi ukateleza, na achia ikafyatuka yenyewe. Tunafunga, inafyatuka. Tunafunga tena, inafyatuka. Dawa yake ilikuwa kupeleka ulimi kwa fundi wa chuma mjini Nakuru akatengeneze mwingine. Hiyo ilikuwa safari ya siku nzima, na mashine mbili nyingine zilikuwa tayari zimelala.

Katibu akaja, akasimama mlangoni asiloweshe viatu.

"Zuhura, wodi ya watoto haina blanketi kavu hata moja. Hii mashine ni nzima ama ni mbovu?"

"Ni mbovu kidogo, bwana."

"Hakuna mbovu kidogo. Nikirudi saa nane nataka kuikuta inafanya kazi."

Simtupii lawama. Hakuniambia nichukue waya. Waya niliuchukua mwenyewe, kipande cha waya wa ua kilichokuwa nyuma ya banda. Niliupitisha juu ya upao, nikauzungusha kwenye fremu, nikausokota kwa koleo mara mbili upande wa kulia, ambako mlishaji haoni. Achia haikufyatuka tena. Blanketi zikapita, moja baada ya nyingine, bapa na nzuri. Nilipanga kuutoa waya jioni, tukimaliza rundo.

Jerusha alikuwa ameenda kunywa chai. Aliporudi, alifunga aproni na kuniuliza alivyouliza siku zote.

"Umelisha?"

"Nimelisha."

"Nani amegonga?"

"Nimegonga mwenyewe. Wewe ulikuwa kwa chai."

Alinitania kwamba nimemnyima raha yake, akaanza kazi. Mimi nikampa mgongo, nikaenda kufungua mota ya nambari moja.

Jerusha alikuwa amevaa sweta kwa ajili ya baridi. Nyuzi za pembeni mwa blanketi zilijisokota kwenye mkono wa sweta, na roli ikavuta vyote viwili. Mimi sikuona. Nilichosikia ni kiganja kikipiga chuma, mara tatu, na kabla sijageuka nilijua kwa nini hakuna kilichoruka. Nilikimbilia swichi ya ukutani. Nilipoizima, mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia kupita kiwiko. Nikafungua skrubu ya juu, nikamtoa, akaniangukia akiwa amezirai. Wauguzi walifika mara moja kwa sababu tulikuwa hospitalini, wakambeba.

Nikabaki peke yangu na nambari tatu. Nikachukua koleo, nikakata waya, nikautia mfukoni mwa ovaroli.

Katibu alipofika, aliigonga achia kwa kiganja chake mwenyewe. Roli iliruka. Akaifunga, akagonga tena, ikaruka tena. Akanigeukia.

"Inafanya kazi. Mbona hakugonga?"

"Sijui, bwana. Nilikuwa nimempa mgongo."

Kwenye ripoti iliandikwa kwamba mfanyakazi alizubaa na hakugonga achia. Jerusha alipopata fahamu alisema aligonga. Walimwambia kwa upole kwamba mtu akipatwa na mshtuko hukumbuka kile alichotamani kufanya. Mifupa iliunga vibaya na vidole havikuweza kukunja ngumi tena. Aliachishwa kazi.

Nilimtembelea wodini mara mbili, na ndizi. Mara ya pili alinishika nguo kwa mkono mzima, akasema, "Zuhura, wewe ulikuwa pale. Ulinisikia nikigonga?"

Nikamjibu, "Kulikuwa na kelele nyingi."

Hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote niliyowahi kusema, kuliko hata ule uongo wa kwanza. Uongo wa kwanza niliusema nikidhani hautamdhuru mtu. Huu wa wodini niliusema nikimtazama usoni. Niliona aibu, lakini aibu haikunifanya niseme ukweli. Ilinifanya niache kwenda kumwona. Mwezi huohuo ulimi mpya wa chuma uliletwa na fundi mwingine, maana mimi nilikuwa nimeomba kuondoka.

Kituo changu cha tatu na cha mwisho kilikuwa hoteli moja ya Milimani, hapa Nakuru, chini ya wasimamizi waliobadilika kama hali ya hewa. Ninayemkumbuka zaidi ni Meneja wa Usafi aliyeleta mashine za kisasa. Alinionyesha mojawapo kama anayenionyesha mjukuu. "Bi Zuhura, hii inafua, inasuuza na inakamua, na mkono wako hauingii popote." Nilimwambia ni mashine nzuri, na sikuwa namdanganya. Vikamulio vilitolewa uani vikangoje mtu wa vyuma chakavu. Niliomba kimoja, akacheka, akanipa viwili.

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya. Nilipostaafu nilikuwa na mashine tano, na sasa nina kumi na moja kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Nyingine zilitoka kwenye mashamba ya zamani ya Subukia na Njoro, ambako kuku walikuwa wakitagia ndani ya pipa. Moja nimeitoa Rongai, ilikuwa inatumiwa kuhifadhi mbegu za mahindi.

Kuzifufua si kazi ya haraka. Oili ya gia ikikaa miaka mingi huganda kama sukari guru, na lazima uiyeyushe kwa mafuta ya taa kabla hujagusa mota, la sivyo unavunja meno. Mota nyingi huwapelekea mafundi wa mjini wazifunge upya nyaya. Mpira wa roli hukauka na kupasuka. Yuko mtu mmoja anayeviringisha mpira mpya kwenye roli za mashine za kuchapisha, naye sasa anajua vipimo vyangu kwa moyo. Kazi ninayoipenda zaidi ni ya vishikio vya mbao. Watu hawajui, lakini ncha za roli hizi hazikuzungukia kwenye chuma, zilizungukia kwenye mbao iliyolowekwa mafuta. Mimi huchonga za mutamaiyu, ule mzeituni mwitu mgumu, kisha huzichemsha kwenye nta hadi zikome kutoa mapovu. Zikishaiva, hazipigi kelele kwa miaka.

Na ninazitumia. Mashine isiyotumika hukauka mpira. Huku kwetu maji ya mfereji huja yanapotaka, na majirani wenye mashine za vitufe huja kwangu na blanketi zao wakinung'unika kwamba zao hazifui bila maji ya kumwaga. Vijana huja na simu kupiga video. "Shosh, hii kitu ni ya zamani za kina nani?" Nawaambia ni ya zamani za watu waliofunga vilemba vyao kwa nyuma. Kabla hawajagusa chochote, bangili na hereni ndefu hubaki mlangoni.

Wakiniuliza kwa nini nakusanya, nilikuwa nikijibu kwamba ni mashine nzuri zisizostahili kutupwa. Ni kweli. Lakini kila nilipoletewa nyingine, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuta vumbi ubavuni, kutazama kama kuna nambari nyekundu. Nilikuwa nikitafuta moja.

Mwaka huu, mtu wa vyuma chakavu alinipigia simu. "Mathe, ile kitu yako ya kukamua nimepata ingine huku. Lakini hii ni chuma tupu, usininunie." Nilikwenda. Ilikuwa imelala ubavu kati ya bodi ya trekta na vitanda vya hospitali. Nikafuta vumbi kwa leso yangu, nikaona tatu. Nikapapasa upao wa achia upande wa kulia, na vidole vikaingia kwenye michubuko miwili iliyopita kwenye rangi hadi kwenye chuma, pale waya ulipokuwa umebana. Nilikaa chini palepale, juu ya magurudumu ya watu, hadi yule kijana akaniletea maji ya kunywa.

Niliitengeneza kwa miezi mitatu. Rangi ya pipa niliirudishia, isipokuwa nambari; na upao wa achia sikuugusa. Ulimi uliokuwamo ulikuwa umelika tena, kwa hiyo nikaupeleka kwa fundi wa chuma, ile safari niliyopaswa kuifanya siku ile. Alikata kipande, akakichonga kwa tupa, akakipasha moto hadi kikawa chekundu, akakichovya kwenye oili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na kikombe cha chai. Kilikuwa hakijapoa alipomaliza. Nililia, na yule fundi akadhani ni moshi.

Kumpata Jerusha hakukuwa kugumu. Ugumu ulikuwa kwangu. Wanawake wa kanisa lake waliniambia anaishi Sachangwan, ana kibanda cha viazi na karoti kando ya barabara kuu. Nikakodi pikapu, tukaipakia nambari tatu, tukaifunika turubai. Dereva aliishusha uani kwake, akaenda kutafuta chai.

Jerusha alitoka nyumbani akiwa amejifunga leso mbili kwa baridi. Nywele zake zote nyeupe.

"Zuhura wa Bondeni. Mimi nilikuwa najua ulikufa."

"Bado, dada."

"Na hiyo umebeba ni nini? Jeneza yako?"

Nikafunua turubai. Aliizunguka polepole, akafika kwenye nambari, akasimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya leso. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, lakini pale yalitoka machache.

"Siku ile sikulisha. Nilikudanganya. Achia nilikuwa nimeifunga na waya ili blanketi zipite. Ulipobebwa nikaukata kabla Katibu hajafika. Angalia, hapa ndipo ulipokaa."

Aliinama, akapitisha kidole gumba cha kushoto kwenye michubuko, mmoja, kisha wa pili. Akarudia. Nyuma yetu malori yalikuwa yanateremka.

"Kwa hivyo niligonga?"

"Uligonga. Mara tatu. Nilizisikia zote."

"Mara tatu." Alikaa kwenye gunia la viazi. "Mimi nilikuwa najua ni tatu. Halafu wakaniambia hapana, nikaanza kufikiria pengine ni kichwa yangu. Mzee wangu alikufa akijua bibi yake alilala kazini. Watoto nikiwaambia wachunge stima, wananiambia, mathe, si ni wewe ulizubaa? Na hii barabara unaona, sijawahi kuivuka peke yangu. Naogopa. Naona gari iko mbali, lakini najiambia, Jerusha, wewe si mtu wa kuamini macho yako. Naita mtu anishike mkono. Mimi. Kila siku."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hayo sikuwa nimejiandaa nayo. Nilianza kusema nisamehe, akainua mkono wa kushoto kunizuia.

"Usiniombe kitu saa hii. Hii mashine umetengeneza?"

"Nimeitengeneza. Ulimi ni mpya."

"Umelisha?"

"Bado."

"Basi lisha."

Tukavuta waya wa stima kupitia dirishani. Nilikuwa nimevaa dera lenye mikono mipana, jambo ambalo Msimamizi angenirudisha nalo mlangoni, lakini mkono wa nguo ni mkono wa nguo. Nikavuta vidole vya kulia ndani. Mota ikawaka, na nambari tatu ikaanza kudunda kwa tempo yake ileile. Jerusha akasimama upande wa pili. Akatoa mkono wa kulia ndani ya leso, ule ambao vidole vyake havikunji, akaulaza juu ya upao.

Nikaingiza pindo. Roli ikalichukua. Jerusha hakutazama mashine, alinitazama mimi. Pindo likaisha. Ikafika pale ambapo zamani angeniuliza habari za mume wangu. Hakuuliza. Nguo ikakaza begani. Mpira ukagusa ncha za vidole vyangu kupitia kitambaa, ukaanza kuvibana, na nilifahamu kwamba anaweza asigonge. Sikuvuta mkono. Sikusema gonga.

Akagonga. Roli ya juu iliruka kwa kishindo, mkono wa nguo ukatoka bapa, na vidole vyangu vitano vikawa vyangu tena.

Jerusha aliutazama mkono wake juu ya upao, kisha akanitazama.

"Mara moja," alisema. "Nimegonga mara moja tu. Umesikia?"

"Nimesikia," nikamwambia.